Nilivyorudisha nakshi za vidaka bila saruji wala jasi

Kila fundi niliyemweleza kazi ile alinijibu: tia saruji, yaishe. Wengine wakanishauri nimimine jasi kwenye kalibu, kisha nibandike. Nyumba yenyewe iko Lamu, ya karne ya 18, kuta za mawe ya matumbawe, na ukuta wa ndani wote ni vidaka, yaani vishubaka vya ukutani, vyenye nakshi za lipu. Saruji ilishatiwa kabla yangu, na ndiyo iliyoua safu ya chini ya vidaka. Unyevu hupanda ukutani pamoja na chumvi. Ukikuta saruji hauna pa kutokea, hivyo hutokea kwenye chokaa ya kando na kuibomoa. Mama mwenye nyumba alikuwa akifagia unga mweupe kila asubuhi.

Nikabandua saruji yote, ukuta ukaachwa ukauke.

Kazi hasa ilikuwa nakshi. Vidaka vya kati vimepakwa chokaa miaka na miaka hadi maua yamezibwa. Nikaambiwa nibuni mapya, nani atajua? Ningejua mimi! Basi usiku nikazima taa, nikalaza tochi ubavuni mwa ukuta. Mistari ikajitokeza, pamoja na vitundu vya bikari na miduara aliyoipiga fundi wa kale kabla ya kukata. Nikawa naihamisha tochi, maana mwanga wa juu huonyesha mistari ya kulala, na wa pembeni huonyesha ya kusimama. Ukishapata kitundu cha katikati na upana wa bikari, ua la petali sita linajichora lenyewe: upana uleule huingia mara sita katika duara. Usiku ule sikutamani kulala.

Chokaa nilitumia ya shimoni, iliyolowekwa miezi. Mchanga uoshwe chumvi itoke. Gharama ilizidi ya saruji kama mara mbili, na inastahili. Lipu nilipiga tabaka nyembamba nyembamba, nikatundika magunia mabichi mlangoni, kwa kuwa kaskazi ilikuwa inavuma na chokaa ikikauka haraka hupasuka. Kuchonga ni pale lipu imekaza lakini ukucha bado unaacha alama. Kisu kikate kwa mshazari.

Mama aliniuliza, "Mwanangu, sasa nipake rangi gani?" Nikamwomba asipake rangi ya plastiki abadani. Chokaa ya maji tu, nyepesi, na kabla ya kupaka, mashimo ya maua yakwanguliwe kwanza.