Roboti ya sola kutoka kwenye deki mbovu, bila betri bila programu

Kila nikiweka video ya hiki kidudu changu status, swali ni lile lile, eti umekiprogramu na nini. Jamani sijakiprogramu na kitu. Hakina kompyuta ndani na betri hakina, kina kipaneli cha taa ya sola iliyokufa, mota ya deki, kapasita ya sabufa, transista mbili (moja aina ya PNP, nyingine NPN), rezista moja na kataa ka LED, basi. Ukikiweka juani kinatulia kidogo, kinaruka kahatua kamoja, kinatulia tena, na ndo hivyo hivyo mpaka jua lizame. Watoto wa hapa nyumbani wanakiita konokono, ingawa konokono hajawahi kuruka.

Staili hii inaitwa BEAM na ina wenyewe. Aliyeianzisha ni Mark Tilden, alikuwa Chuo Kikuu cha Waterloo kule Kanada, na mwaka 1991 tayari walishafanya mashindano ya viroboti vya namna hii Toronto. Baadaye akaenda maabara ya Los Alamos, Marekani, na huyo huyo ndo aliyebuni ile toy ya Robosapien iliyotoka 2004. Msimamo wake ulikuwa kwamba roboti ianze na mwili na saketi chache zinazoshtukia mambo zenyewe, akili kubwa baadaye. Mi nakubaliana naye kabisa maana naona vijana wananunua seti ya roboti ya bei mbaya, wanakopi code ya programu, taa inawaka, halafu ukimuuliza kwanini mota inakula umeme mwingi ikishikwa anakuangalia tu.

Sa kazi yenyewe iko hivi. Kipaneli kidogo kinatoa miliampia chache, hazitoshi kuzungusha mota, kwahiyo unazikusanya kwenye kapasita kama unavyotega ndoo kwenye bomba linalodondosha, ikijaa ndo unamwaga yote kwa mkupuo. Mimi nimetumia kapasita ya mikrofaradi 4700, ukiipa miliampia 10 inapanda kutoka volti 1 hadi 3 kwa kama sekunde moja, ukiipa 2 ni sekunde tano hivi. Ndo maana ndani ya nyumba kinasinzia, taa ya sebuleni ni kitu kidogo sana mbele ya jua la saa saba mchana.

Anayeamua lini imwagwe ni ile LED, lakini sio LED ya kawaida, ni ile inayowaka na kuzima yenyewe, inapatikana kwenye midoli ya kichina. Ichungulie kwa mbele utaona kadoa keusi pembeni ya fuwele, hako ndo kachipu kake. Sa volti ikipanda kwenye 2 na nusu mpaka 3 hivi, inategemea na taa, LED inapitisha umeme kidogo, inaamsha transista ya PNP, PNP inaamsha NPN, NPN inafungulia mota. Kila transista ina miguu mitatu, beisi, kolekta na emita, na hapo rezista ya kiloohm 2.2 inayotoka beisi ya PNP kwenda kolekta ya NPN inashikilia mlango usifunge mpaka kapasita ikaribie kwisha. Mota inakaa kati ya chanya na kolekta ya NPN, emita ya PNP chanya, kolekta ya PNP inaenda beisi ya NPN, emita ya NPN hasi, LED inatoka beisi ya PNP kwenda hasi, kapasita na paneli ziko kati ya chanya na hasi. Saketi nzima ndo hiyo, unalehemu hewani bila bodi.

Kwa transista, vitabu vinasema 2N3904 (NPN) na 2N3906 (PNP). Kwenye boksi la fundi redio utakutana zaidi na C1815 na A1015, zinafanya kazi ila miguu yake haijapangwa sawa, hizi kolekta iko katikati wakati za kwenye kitabu katikati ni beisi. Halafu C1815 mwisho wake miliampia 150, mota ikigoma inaonewa. Mi napenda S8050 na S8550, zina nguvu zaidi na miguu inafuata mpangilio wa kitabu.

Mota chukua ya deki ya DVD, ile inayozungusha sahani au inayotoa trei, zinaanza kuzunguka hata kwa volti kidogo sana. Ya redio kaseti achana nayo, nyingi zina kisaketi cha kurekebisha spidi ndani kinachokunywa umeme wote. Na kikokotoo pia usihangaike nacho, paneli yake ikiwa ya kweli inatoa umeme kiduchu mno, na vingine vya bei chee hicho kioo cheusi ni urembo tu, nyuma hakuna waya hata mmoja!

Kingine, TV ya chogo usiifungue kutafuta kapasita kama hujui unachofanya, ile kubwa ya pawa saplai inaweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata kama imechomolewa. Betri ya simu iliyovimba nayo iache hapo hapo.

Umbo langu ni lile wanaloita symet, mota imesimama wima imeinama kidogo, ncha ya shafti inagusa chini, kapasita tatu zimeizunguka kama miguu (zote pamoja ndo hiyo 4700) na paneli juu. Kikigonga ukuta kinalalia upande mwingine na kuondoka, hakuna sensa wala nini, ni uzito tu umepangwa vizuri. Shafti ikiteleza kwenye vigae ivalishe kipande cha ganda la waya.

Sasa hivi nataka kujenga kinachofuata mwanga, injini mbili (yaani saketi mbili kama hii), mota mbili, kila upande na jicho lake la kuona mwanga. Hapo mota lazima zilingane, la sivyo kinazunguka duara siku nzima, na zinazonifaa ni zile za vaibresheni za simu za kitochi. Kwahiyo kama uko Dar na una vitochi vibovu viwili vya aina moja usitupe, nicheki inbox nitakuja kuvifuata.