Kidole cha Shangazi

"Mwanangu, huku nyuma hujisugui?"

Alisema kwa sauti ya chini kabisa, ili wengine wasisikie. Alikuwa nyuma yangu ananifunga mkufu. Mdogo wangu kaolewa Jumamosi, mambo yalikwenda salama, Mama alilia kama tulivyojua atalia. Lakini tangu siku hiyo kinachonizunguka kichwani si harusi, ni kidole gumba cha Shangazi. Alikilamba kwanza. Kisha akakipitisha shingoni mwangu, akarudia kwa nguvu zaidi, kama anayemfuta mtoto tope shavuni, halafu akakisogeza karibu na macho aone kimetoka na nini. Hakikutoka na kitu.

Nikamwambia, "Si uchafu, Shangazi. Ni insulini."

"Insulini si ya wenye sukari?"

"Yangu iko juu."

"Wewe? Mbona hata si mnene?"

Bibi harusi akaingia anatafuta kiatu, mazungumzo yakaishia hapo.

Yaliishia kwake. Mimi nayaendeleza mpaka leo, na kila nikiyarudia namjibu tofauti. Jumatatu usiku, kichwani mwangu, nilimketisha chini nikamweleza kila kitu kwa utaratibu kuhusu PCOS, hili tatizo langu la homoni na ovari. Kwamba wanga tunaokula unakuwa sukari kwenye damu, na kongosho linatoa insulini ili sukari iingie kwenye misuli na seli nyingine. Mwili wangu hauitikii insulini inavyotakiwa, kwa hiyo kongosho linazidisha, na likizidisha sukari inashuka. Ndiyo sababu miaka yote ile kipimo cha asubuhi kabla ya kula kilikuwa kinatoka vizuri, naambiwa hongera, narudi nyumbani na chunusi zangu, na ndevu zangu za kidevuni, na hedhi inayokuja inapotaka. Sukari ilikuwa sawa kwa sababu insulini ilikuwa inafanya kazi ya ziada usiku na mchana. Na insulini ikijaa kwenye damu haiishii kwenye sukari. Inazichochea ovari zitengeneze homoni za kiume kupita kiasi. Ini nalo linapunguza ile protini ambayo kwa kawaida huzishika homoni hizo, hivyo nyingi zinabaki huru mwilini. Yai linakwama kabla ya kukomaa, mwezi unapita mkavu. Na seli za ngozi zinachochewa kuzaliana haraka, hasa shingoni, makwapani na kwenye mikunjo ya mapaja, ngozi inakuwa nene, nyeusi, laini ukiigusa. Hapo hakuna cha kusugua. Ukiisugua unaichubua tu, na krimu za kung'arisha zinaweza kuiharibu zaidi.

Shangazi wa Jumatatu alinisikiliza mpaka mwisho. Wa Jumanne sikumweleza chochote, nilimuuliza swali moja tu: miezi yote ile niliyokaa bila kuona siku zangu, mkaniona nimenyongea, hakuna aliyeuliza. Shingo ndiyo mmeiona?

Ila kinachouma zaidi ni lile la "mbona hata si mnene", kwa sababu ndilo lililonichelewesha. Wasomaji wa zamani mnamkumbuka daktari wa kwanza, aliyenitazama kutoka juu hadi chini akasema PCOS ni ya wanawake wanene, nipunguze mawazo. Uzito unaongeza tatizo, ni kweli, na kwa aliye na uzito mkubwa kupunguza hata asilimia 5 hadi 10 kunaweza kurudisha upevushaji wa mayai. Lakini wembamba pia tunapata PCOS, na miili yetu inaweza kuikataa insulini vilevile. Daktari wa sasa hakubishana nami. Alinipa glukosi gramu 75 kwenye maji, akaniambia nikae saa mbili. Kabla ya kunywa sukari yangu ilikuwa milimoli 5.2 kwa lita ya damu, kipimo kizuri tu. Baada ya saa mbili ilikuwa 8.9. Baada ya saa hizo mbili, kuanzia 7.8 hadi 11.0 maana yake hujafika kwenye kisukari, lakini mwili umeanza kushindwa kuimudu sukari. Mwongozo wa kimataifa wa PCOS wa mwaka 2023 unasema hicho ndicho kipimo sahihi zaidi kwetu, uwe mnene au mwembamba, na hali ya sukari iangaliwe tena kila baada ya mwaka mmoja hadi mitatu. Kama unasoma hapa na umewahi kupimwa ya asubuhi tu, tafadhali kaulizie.

 

Jana jioni nilikuwa kwenye matembezi yangu ya baada ya kula. Mnayajua: nikishamaliza chakula sikai, natoka taratibu kwa dakika 15 hivi, kwa sababu misuli ikiwa kazini inachukua sukari kutoka kwenye damu hata bila kuisubiri insulini. Simu ikaita. Shangazi. Nilitaka kuiacha.

"Ile uliyoniambia," akaanza, bila hata salamu, naye ni mtu wa salamu ndefu.

"Ipi, Shangazi?"

"Ya shingo. Mimi ninayo makwapani. Tangu usichana."

Nilisimama palepale. Akaniambia marehemu Bibi alikuwa akimsugua kwa jiwe la kusugulia nyayo mpaka panatoa damu, na kwamba ameishi maisha yake yote akivaa mikono mirefu, mpaka watu wakadhani ndiyo mtindo wake. Hata mimi nilidhani hivyo. Akaongeza, kwa haraka, kwamba siku zake nazo hazikuwahi kukaa sawa, "na unajua nilivyomngoja kaka yako." Tunajua sote. Alimngoja miaka mingi na maneno mengi ya watu, na ndiye pekee aliyempata.

Nilimwambia hali hii hutembea ndani ya familia. Alikaa kimya, kisha akauliza, "Kwa hiyo ilitoka kwetu?" Nikasema inawezekana, Shangazi, bila kupimwa hatuwezi kusema. Na kukoma hedhi hakufuti kila kitu, uwezekano wa kisukari cha aina ya pili bado upo juu kwa wenye PCOS, na yeye hajapimwa sukari hata siku moja.

Akataka kujua ninakula nini. Hapo moyo wangu ulilegea kabisa, kwa sababu miaka yote kwenye meza yao nimeulizwa kwa nini sili, sijawahi kuulizwa ninakula nini. Nikamwambia hakuna chakula nilichojiharamishia, na hakuna mlo mmoja uliothibitika kuishinda mingine yote kwa PCOS. Ninachofanya: naanza na mboga na protini, wanga unakuja mwisho na ni kiasi, kwa sababu ukitanguliwa hivyo sukari haipandi kwa kishindo. Sinywi sukari. Nafanya mazoezi ya mwendo kufikia angalau dakika 150 kwa wiki na kunyanyua vyuma siku mbili zisizofuatana, maana misuli ndiyo ghala kubwa la sukari mwilini. Usingizi naulinda, nikikosa usingizi insulini inakataliwa zaidi. Metformini ni maagizo ya daktari, nayo naimeza pamoja na chakula, vinginevyo tumbo linanisumbua. Hedhi sasa inakuja karibu kila mwezi. Shingo imeanza kufifia pembeni, polepole sana.

"Na hicho kipimo cha kunywa sukari, kinauma?"

"Hakiumi. Kinachosha tu kukaa."

"Basi utanisindikiza."

Nitamsindikiza wiki ijayo. Nimefurahi kuliko nilivyofurahi harusini, na sioni aibu kulisema. Lakini hakuniomba radhi, na mimi niliitaka ile radhi. Nimekaa nayo leo mchana kutwa. Msichana aliyesuguliwa na jiwe amekua akaja kunisugua na kidole; naelewa ilivyotokea, na bado sipendi kushikwa shingo. Nikienda naye nitamwambia hilo pia, kwa adabu, tukiwa tumekaa zile saa mbili na hana pa kwenda.

Kuna jambo jingine. Jumapili wakati tunapakia vitu vya harusi niliona ubavu wa kushoto wa gari la Baba una mkwaruzo mrefu kutoka mlango wa mbele hadi wa nyuma. Anasema ni wa zamani. Si wa zamani, nililiosha mwenyewe wiki moja kabla. Na njiani kurudi, jua likiwa limeshazama, aliniuliza taa zile ni nyekundu au vipi. Mama hajui. Kaka anasema nisimchokoze mzee kabla hajapumzika na shughuli. Sijui nianzie wapi kumwambia mtu kama Baba kwamba apimwe macho, na Ijumaa anataka kuwasindikiza wageni mwenyewe, usiku.