Kijivu cha 767676

"Dada, hii namba ya rangi, 767676, ilitoka wapi?" Kijana tunayefanya naye kazi aliniuliza juzi, macho hayajabanduka kwenye skrini. "Si tuweke 777777 tu? Angalau inakumbukika."

Nikacheka. Akadhani namcheka yeye.

Ule mwaka wa mwongozo nilikuwa na mdomo, mnanijua. Nilisimama kikaoni nikasema tovuti yetu imekuwa nguo ya viraka, kila ukurasa na vitufe vyake. Nikajibiwa: haya, andika wewe huo mwongozo wa mtindo. Wiki tatu.

Mbili za mwanzo sikuandika hata mstari. Nilisoma ya wenzetu. Material Design ya Google, iliyotoka 2014 na mambo yake ya karatasi, wino na vivuli. Apple, ambao walikuwa wakichapisha yao kama kitabu tangu 1987. Siku nzima ikaishia kwenye mwongozo wa NASA wa 1975, usiohusiana na tovuti hata kidogo, ila mwenye ugonjwa wangu ataelewa. Kila nilichokipenda nilikibeba. Kwa serikali ya Uingereza nilibeba mpaka fonti, kisha ndipo nikafika kwenye mstari unaosema fonti hiyo ni ya huduma zilizo kwenye gov.uk peke yake. Nikairudisha kimyakimya.

Na nikachagua kijivu, 999999, cha maneno madogo ya maelekezo chini ya visanduku vya fomu. Nilikipenda kweli. Niliona kina adabu, hakipigi kelele.

Siku ya kuonyesha kazi aliitwa pia mama mmoja wa hesabu, aliyebakiza miezi michache kustaafu. Wengine walitikisa vichwa, wakasifu. Yeye alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akasogeza kiti. Akainama mpaka pua ikakaribia kugusa skrini.

"Mwanangu, hapa chini ya kisanduku pameandikwa kitu, au ni vumbi?"

Kabla sijajibu alinyoosha kidole gumba akapafuta, taratibu, kushoto kwenda kulia, kama mtu anayefuta meza ya mgeni. Akatazama kidole. Akatazama skrini.

"Kumbe maneno."

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Usiku ule niliirudia miongozo ileile. WCAG, kanuni za ufikivu wa wavuti, toleo la 2.0 la 2008: maandishi ya kawaida yatofautiane na mandhari yake kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1. Nikapima. Kijivu changu cha adabu juu ya nyeupe hakikufika hata 3. 777777 ilipata 4.48, ikaanguka mlangoni. 767676 ikapata 4.54. Nilikuwa nimelipita suala hilo wiki nzima, kwa sababu kurasa zake hazikuwa na picha za kupendeza. Hata ule wa Uingereza, kurasa zake nyingi humalizia kwa kueleza watu waliojaribishiwa kitu na mahali walipokwama. Mimi nilikuwa nasoma juu, natazama mfano, naondoka nao.

Nikabadilisha kijivu. Mengine yalibaki vilevile, siku zilikuwa zimekwisha. Mama yule alistaafu, na sikumwambia kwamba kati ya kurasa zote zile, namba moja ambayo hakuna aliyethubutu kuigusa mpaka leo ni yake.

Kijana alinisikiliza hadi mwisho, akaandika 767676 kwenye daftari, akaizungushia duara. Nikajiona mwalimu kweli.

"Sawa, dada. Na hizi kona za vitufe, pikseli 6. Kwa nini 6?"

Nilitazama vile vitufe kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Hizo," nikamwambia, "nilizikuta mahali."

"Wapi?"

Simu yangu haikulia, ila niliipokea.