Handaki Nililoliandika Tupu

Niliombwa kusimamia uchimbaji wa majaribio wa kiakiolojia, yaani wa kutafuta mabaki ya kale kabla ya ujenzi, katika shamba moja la kaskazini mwa Pemba, ambako mwekezaji alikusudia kujenga ghala la kuhifadhia mwani. Shamba lilikuwa la eka tatu, miongoni mwa zile zilizogawiwa wananchi baada ya Mapinduzi ya 1964, lenye muhogo katikati, minazi michache upande wa pwani na mbuyu mmoja pembeni. Hapakuonekana gofu wala jiwe la kaburi, na mwenye mradi alikwisha kuniambia kwamba kazi ya siku mbili ingetosha. Ilichukua siku kumi na moja, na tatu kati ya hizo zilitokana na kosa langu mwenyewe.

Siku ya kwanza hatukuchimba. Tulikwenda kwa sheha, kiongozi wa serikali wa eneo lile, kisha tukahesabu pamoja na mkulima mashina ya muhogo yatakayong'olewa, kwa sababu ardhi kwetu ni ya serikali lakini kilichopandwa juu yake kina mwenyewe, na malipo yakichelewa hata nusu siku, vibarua hawatashika jembe mbele ya macho ya jirani yao. Swali nililoulizwa zaidi ni kama tunatafuta fedha. Tangu ilipopatikana akiba ya sarafu zaidi ya 2,000 za fedha kule Mtambwe Mkuu, hapa hapa Pemba, mwaka 1984, kila anayefika shambani na chekeche hushukiwa kuwa na ramani mfukoni. Niliwaonyesha kigae kilichovunjika na kuwaambia kwamba hicho ndicho tunachokitaka, na sidhani kama wote waliniamini.

Tulianza kwa mashimo madogo ya nusu mita kwa nusu mita, moja kila baada ya mita 20, jumla yake 30, tukachekecha udongo wote kwenye wavu wa matundu ya milimita 5. Vigae vilijitokeza kwa wingi upande wa mashariki, na huko nikapanga mahandaki manne kati ya sita, kila moja la mita 10 kwa mita moja na nusu. Yote kwa pamoja ni mita za mraba 90, ambazo hazifikii hata asilimia 1 ya shamba. Uingereza, ambako kazi hii ni ya kawaida kabla ya ujenzi, aghalabu huchimba asilimia 2 hadi 5, lakini wao hutumia kijiko cha mashine chenye bakuli lisilo na meno, ambacho hukwangua udongo wa juu kwa usafi. Sisi tulikuwa na majembe, sepetu, makarai na watu wanane.

Mwelekeo wa handaki nao una hesabu yake. Pemba iko karibu kusini kabisa mwa Makka, kwa hiyo kibla chetu ni kaskazini, na maiti wa Kiislamu hulazwa ubavu wa kulia, uso kaskazini na kichwa mashariki. Kaburi basi hulala mashariki na magharibi. Handaki linalokwenda kaskazini na kusini hulikata kaburi kwa upana na kulionyesha mapema, ilhali linalokwenda sambamba nalo linaweza kupita kati ya makaburi mawili bila kujua. Ndiyo maana manne niliyaelekeza kaskazini.

Kosa lilitokea kwenye handaki la tatu. Tulilifikisha sentimita 50 saa saba mchana, katika jua la kiangazi cha Januari, na sakafu yake ilikuwa imekauka ikawa na rangi moja kama mkate. Nikaikagua kwa haraka, nikaandika kwamba halina kitu, nikaamuru waanze lingine. Ukweli ni kwamba nilikuwa bado natafuta mawe, kwa kuwa jicho lililozoea magofu ya mawe ya Ras Mkumbuu hutaka ukuta.

Siku ya tatu baada ya hapo, nilipokuwa nachora handaki la tano, ami mmoja miongoni mwa vibarua, ambaye ujana wake wote alikuwa fundi wa nyumba za udongo, alinijia na donge jekundu lililo gumu kama tofali, alilolitoa kwenye kifusi cha lile handaki la tatu.

"Mwanangu, huu si udongo wa shamba. Huu umekandikwa."

Aliligeuza. Upande mmoja ulikuwa laini, una alama hafifu za vidole, na upande wa pili ulikuwa na mifereji miwili iliyokwenda sambamba, kila mmoja unene wa kidole gumba. Zilikuwa nyayo za fito. Nyumba ilikandikwa, ikaungua, fito zikateketea, na moto ukaugeuza udongo kuwa kigae kilichohifadhi umbo la kile kilichokuwa ndani yake.

Tulirudi kwenye handaki la tatu alfajiri, tukatandaza turubai juu yake kwa kivuli, tukanyunyiza maji kwa bomba la dawa ya mimea, kisha tukakwangua sakafu taratibu kwa mwiko wa mwashi. Madoa meusi ya mviringo yakajitokeza, saba, kila moja la sentimita 15 hivi, yamejipanga kwa mstari. Tulikata moja nusu ili tulione kwa ubavu, maana mzizi nao huacha doa jeusi, ila mzizi hupinda na kupungua kadiri unavyoshuka, na hili lilikuwa na kuta zilizonyooka na kitako bapa. Lilikuwa shimo la nguzo. Kando yake palikuwa na mdomo wa chungu uliochorwa pembetatu, wa aina inayojulikana pia kutoka makazi ya kale ya Tumbe, yaliyokaliwa kati ya karne ya 7 na ya 10, ambayo nayo yalijengwa kwa miti na udongo.

Handaki la tano lilitoa utepe wa udongo mchanganyiko, upana wa sentimita 60, uliokwenda mashariki na magharibi, kama kaburi. Tulisimamisha kazi hapo hapo, hatukuuchimba hata kidogo. Sheha alikuja na wazee, ikasomwa Fatiha, nikapima pembe zake na kuufunika siku hiyo hiyo.

Ripoti yangu ilipendekeza ghala lisogezwe mita 40 upande wa magharibi, ambako mashimo yalikuwa matupu kweli kweli. Mwenye mradi alilalamika kuhusu umbali wa barabara, kisha akakubali. Kabla ya kuyafukia mahandaki tulitandaza mchanga wa pwani kwenye sakafu, ili atakayechimba baada yetu ajue tulikoishia. Msingi wa ghala ulipochimbwa nilikaa ukingoni siku mbili, nikiwa na chekeche na mfuko wa vigae. Nilijaza kona moja tu ya mfuko, na kitu kikubwa kuliko vyote kilikuwa kopo la maziwa lililoshika kutu.