Binti Aliyevunja Mbavu za Baba Yake

Aliletwa usiku, moyo umesharudi kudunda baada ya kushtuliwa kwa mashine ndani ya gari la wagonjwa. Alikuwa mwanamume wa makamo, hajawahi kuugua moyo hata siku moja. Vyumba vya chini vya moyo vilikuwa vimeanza kutetemeka ovyo badala ya kusukuma damu, akaanguka mbele ya binti yake, naye binti akamkandamiza kifua ili damu iendelee kuzunguka.

Enzi zile mgonjwa wa namna hiyo tulimpoza mwili hadi nyuzi 33 kwa saa 24 ili kuukinga ubongo. Siku hizi mkazo ni kuzuia homa, joto lisipite nyuzi 37.5. Mwili uliopozwa hutaka kutetemeka, na kutetemeka hula oksijeni. Taya ndilo huanza. Basi kila mara niliweka kiganja chini ya taya lake, kisha shingoni, nikamfunika mikono na miguu kwa nguo zenye joto. Nilimwita kwa jina, nikamwambia ni usiku, nikamwambia sasa namgeuza. Wapo wanaoona kuzungumza na mtu aliyelazwa kwa dawa za usingizi ni kupoteza muda. Mimi sikubali mpaka leo.

Binti yake, mwanafunzi bado, alikuwa anafika mlangoni anarudi. Nikamfuata kwenye korido.

"Sista," akasema, macho kwenye viganja vyake, "nilisikia mbavu zinavunjika. Nimemuumiza baba."

Nikakaa naye. "Mwanangu, kifua cha mtu mzima kinatakiwa kishuke angalau sentimita 5, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Ukikandamiza hivyo mbavu huvunjika mara nyingi. Lakini mbavu zinaunga. Ubongo ukikosa damu kwa dakika chache tu, unaweza usirudi tena."

Alilia sana. Halafu akaingia, akamshika baba yake mkono.

Hatukuharakisha kutabiri, maana baada ya moyo kusimama ubongo haufai kuhukumiwa kabla ya saa 72 kupita. Dawa zilipopunguzwa, alifumbua macho. Nikamwambia afinye vidole vyangu, akafinya. Mrija wa kupumulia ulipotolewa akauliza, "Niko wapi? Kumetokea nini?" Nikamweleza. Baada ya muda kidogo akauliza tena, maneno yaleyale, na hivyo ndivyo tulivyoshinda kutwa nzima. Mkewe hofu ikamzidi: "Si tumeshakwambia, baba?" Nilimtuliza, nikamweleza kwamba kumbukumbu za karibuni ndizo huumia kwanza, na kwa wengi hurudi polepole. Tukabandika karatasi ukutani kwa herufi kubwa: uko hospitali, moyo wako ulisimama, binti yako alikuokoa. Na kila alipouliza nilimjibu upya, bila haraka. Kwake yeye lilikuwa swali jipya.

Swali lilipopungua, hofu ikashika nafasi yake. Alikuwa ameshapandikizwa kifaa cha kushtua moyo chini ya mfupa wa mtulinga, lakini usiku hakutaka kulala. "Nikifumba macho, nani atajua kama moyo umesimama?" Nikavuta kiti. Nikamweleza kwamba kifaa kinasoma kila pigo, alale asilale. Kwamba kikishtua ataumia ghafla kifuani, na hapo asinyamaze, atuite. Mkono wa upande ule asiuinue juu ya bega kwa wiki kadhaa, na simu aiweke mbali na kifaa, angalau sentimita 15. Alisikiliza yote, kisha akaanza kunisimulia kazi yake. Nilimwacha azungumze. Naamini yale mazungumzo yalikuwa tiba sawa na vidonge.

Kabla hawajaruhusiwa niliomba sanamu la mafunzo ya kukandamiza kifua, nikaiita familia yote. Mbavu zake zilikuwa bado zinauma, hivyo yeye alikaa kitini akawahesabia. Mkewe alianza kwa woga, anagusa tu. Binti akapiga magoti, akamweka mama viganja vyake katikati ya kifua cha sanamu, akanyoosha viwiko vyake.

"Kandamiza, mama. Nguvu zaidi."

"Moja, mbili, tatu," baba akahesabu, na nikamwambia aongeze kasi.