Jina huandikwa kwa moto

Karakana ya mjomba wangu ipo Pasua, hapa Moshi, na jioni moja ya wiki iliyopita nilimkuta akichomelea tenki la dizeli la lori ambalo mwenyewe alikwisha kuamua kuliita jina la marehemu bibi yake. Nilikuwa nimesoma siku hiyo habari za nyambizi za mashambulizi zinazoendeshwa kwa nguvu za nyuklia, nikamwambia kwamba huko Marekani jina la chombo kama hicho huenda sambamba na kazi ya fundi wa kuchomelea. Alizima mashine, akavua miwani. "Hebu nieleze vizuri, mjomba."

Nikaanza na Nautilus, nyambizi ya kwanza duniani kuendeshwa kwa nyuklia. Tarehe 14 Juni 1952, katika karakana za Groton, jimbo la Connecticut, Rais Truman aliandika kwa chaki herufi za mwanzo za jina lake juu ya bamba la chuma la msingi wa chombo, kisha fundi akazifuata kwa moto hadi zikabaki chumani. Mwaka 1954 Mamie Eisenhower, mke wa rais aliyemfuata, aliivunjia chupa ya shampeni sehemu ya mbele, ikateremka mtoni. Na tarehe 17 Januari 1955 ikaondoka kwa nguvu za kinu chake cha nyuklia. Desturi hiyo ingali hai: nyambizi USS Illinois ilitiwa herufi za jina la Michelle Obama mwaka 2014, naye akaja kuivunjia chupa Oktoba 2015. Mwanamke wa namna hiyo huhesabiwa kuwa na uhusiano na chombo maisha yake yote, jambo ambalo mjomba alilielewa mara moja: "Ni mama wa ubatizo."

Kuhusu kinu chenyewe sikuwa na mengi ya kumchosha nayo. Joto la urani hutengeneza mvuke, mvuke huzungusha mitambo, na kwa kuwa hakuna moto unaohitaji hewa, chombo kinaweza kukaa chini ya maji miezi mitatu, chakula kikiisha kabla ya nguvu. Kilichomshangaza ni umbo: nyambizi nyingi za aina ya Virginia zina urefu wa mita 115 hivi, zaidi ya uwanja wa mpira, nazo hujengwa vipande vipande katika karakana mbili za majimbo tofauti, kisha vipande hivyo vikaletwa pamoja na kuungwa. Kwa hiyo sherehe ya kuweka msingi siku hizi ni heshima tu, maana vyuma vingi huwa vimekwisha kukatwa muda mrefu kabla ya siku hiyo.

Hapo akaniuliza swali la fundi: kiungo kikiachia? Nikamtajia nyambizi Thresher, iliyopewa jina la papa mmoja mwenye mkia mrefu. Tarehe 10 Aprili 1963 ilizama katika Atlantiki na watu 129, wala hakupona hata mmoja. Uchunguzi uliona huenda kiungo cha bomba la maji ya bahari kilishindwa, maji yakarukia vifaa vya umeme, kinu kikazimika, na chombo kikakosa nguvu ya kupanda. Tangu mwaka huo jeshi la majini la Marekani lina utaratibu mkali wa kukagua kila sehemu inayozuia bahari isiingie. Mjomba alikaa kimya kidogo.

Ubishi wetu ulikuwa juu ya majina. Zamani nyambizi hizo zilipewa majina ya samaki, baadaye ya miji, kisha ya majimbo. Na moja ilipotangazwa kuwa Corpus Christi, Wakatoliki walilalamika kwamba haifai chombo cha vita kuitwa Mwili wa Kristo, hata mwaka 1982 ikaitwa City of Corpus Christi, yaani Mji wa Corpus Christi. Mimi naona walikuwa na haki. Mjomba, ambaye ni Mlutheri, aliona wamekuza jambo. Tulikubaliana juu ya Tang na Wahoo, majina yaliyotangazwa mwaka 2020 kwa nyambizi mpya, kwa sababu ni ya samaki na pia ni ya nyambizi mbili zilizopotea katika Vita Kuu ya Pili: Wahoo mwaka 1943 na watu wake wote, na Tang mwaka 1944, ikipigwa na topido yake yenyewe, yaani kombora la chini ya maji, iliyogeuka. Sisi Wachaga tunaowapa watoto majina ya babu na bibi hatuhitaji kuelezwa kwa nini mtu humrudisha marehemu kwa jina.

Kisha akarudi kwenye tenki. Alipaka chaki iliyosagwa juu ya mshono kwa nje, akamimina mafuta ya taa kidogo kwa ndani, akasubiri. Baada ya dakika chache doa jeusi, dogo kama punje ya ulezi, lilijitokeza kwenye chaki. Akavaa miwani tena.