Tulisafiri Ukuta Ukikauka

Kwa miaka miwili mfululizo tuliwaambia watoto, "Tukimaliza nyumba tutasafiri." Nyumba haikwisha na safari haikuwapo. Paa lilikuwa linavuja, ukuta wa chumba chao ulikuwa umevimba rangi, koki ya jikoni ilidondosha maji usiku kucha, na soketi moja ya sebuleni ilikuwa inapata joto tukichomeka pasi. Jioni moja binti yangu mkubwa, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 11, aliniuliza taratibu tu, bila hasira: "Mama, kwani nyumba huwa inaisha?"

Nilikosa jibu. Usiku ule mimi na mume wangu tulikaa mezani na daftari la shule lililobaki na kurasa tupu. Upande wa kushoto tukaandika matengenezo, upande wa kulia matembezi na safari. Tukakubaliana jambo moja: hatufungui ukurasa mpya mpaka pande zote mbili ziwe na alama ya vema. Fedha nazo tukazigawa kwenye bahasha tatu. Kila mapato yalipoingia, kilichobaki baada ya matumizi ya lazima kilikatwa mafungu kumi: sita ya nyumba, matatu ya safari, na moja halikuguswa ila kwa dharura. Kulikuwa na miezi ambayo fungu la safari lilikuwa dogo mno, lakini liliwekwa hivyo hivyo.

Mpangilio wa kazi tuliuamua kwa swali moja: kipi kikiachwa kitaharibu kingine? Soketi ilitangulia, kwa sababu ya moto. Hilo hatukulishika wenyewe. Tulimwita fundi umeme mwenye leseni, akakuta waya umelegea kwenye skrubu yake hadi plastiki imeanza kuungua kwa ndani. Akatufungia pia kifaa kinachokata umeme unapovuja kufikia miliampea 30, maana nyumba ina watoto na maji yanadondoka darini. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Baada yake likafuata paa.

Doa la darini lilikuwa juu kabisa ya kitanda cha mwanangu mdogo, duara la kahawia lenye ukingo mweusi. Fundi wa kwanza alipanda, akapaka lami usawa wa doa, akashuka. Mvua iliyofuata ikadondosha maji pale pale. Fundi wa pili, mtu mzima aliyekuja na tochi na bomba refu la kumwagilia, hakupanda paa siku ya kwanza. Alitupandisha sisi darini saa sita mchana, akatuambia tuzime taa zote na kufunika tundu tulilopitia.

Giza lilipotulia, paa likaonekana limejaa vitone vya mwanga. Mwanangu wa miaka 6, niliyekuwa nimemshika kiunoni asikanyage nje ya mbao, alinong'ona kama yuko mahali pa ibada: "Mama, nyota." Akaanza kuzihesabu, akafika 14.

"Mama," fundi akaniambia, "maji yanapotokea sipo yanapoingilia. Yakishaingia hufuata mbao mpaka yapate mahali pa kuangukia." Akanionyesha kwa tochi mstari mweusi uliokuwa ukitambaa juu ya mbao ya kenchi, mwembamba kama njia ya konokono, ukianzia karibu mita mbili kutoka kwenye doa letu. Kisha akatoka nje na bomba. Alianza kumwagilia chini kabisa, karibu na ukingo wa paa, akakaa pale dakika kumi, ndipo akasogea juu hatua moja. Ukianzia juu, alisema, maji yatashuka yapite kila tundu na hutajua lipi lenye kosa. Mimi nilikuwa ndani na tochi. Alipofika hatua ya nne nikaona tone linajikusanya kwenye kichwa cha msumari, linanenepa, linaachia. Nikapiga kelele, "Hapa!"

Mipira ya misumari ilikuwa imepasuka kwa jua. Bati hutanuka mchana na kusinyaa usiku, na mwendo huo mdogo wa kila siku huuvuta msumari polepole mpaka ulegee. Baadhi ya misumari ilikuwa imepigwa kwenye bonde la wimbi la bati, mahali ambapo maji yote hupita. Aliing'oa yote ya upande ule, akaziba matundu ya bondeni, akaweka skrubu zenye mipira mipya kwenye mgongo wa wimbi. Mifereji ya maji ya mvua tuliisafisha wenyewe. Majani yalikuwa yameoza humo yakawa udongo, na mche ulikuwa umeota. Binti yangu alipiga hesabu akatustua. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa letu lina kama mita 90 za mraba, kwa hiyo mvua moja ya milimita 20 hutuletea lita 1,800. Mfereji ukiziba, maji hayo yote humwagika kwenye msingi wa nyumba.

Upande wa kulia wa daftari ulidai haki yake. Jumamosi iliyofuata tulikwenda kutembea mtoni, tukatoka alfajiri, tukarudi kabla ya jua kuchwea. Kila mtoto alibeba mfuko wake na maji yake. Hatukupanga zaidi ya jambo moja kwa siku hiyo, na tangu hapo sijapanga mawili. Watoto wakikimbizwa kutoka jambo hadi jambo hurudi wakiwa wamechoka na hawakumbuki lolote.

Matembezi mengine ya miezi ile yalikuwa ya aina hiyo, ya kwenda na kurudi. Ila mara moja tulilala siku mbili kwa ndugu, na tuliporudi tulikuta sakafu ya jikoni imejaa maji hadi kwenye vifundo vya miguu. Mpira unaounganisha bomba na koki chini ya sinki ulikuwa umepasuka hatupo. Mbao za kabati zilivimba, tukalazimika kufungua bahasha ya dharura. Toka siku ile hatuondoki nyumbani bila kufunga valvu kuu ya maji na kufungua koki moja kwa muda kuondoa msukumo uliobaki. Pia nilijifunza kusoma mita: funga koki zote, andika namba, subiri saa mbili, soma tena. Ikiwa imesogea, kuna mahali maji yanatoroka. Koki yetu iliyokuwa ikidondosha niliikingia kikombe cha mililita 250, kikajaa ndani ya saa moja. Hizo ni lita 6 kwa siku, zaidi ya lita 2,000 kwa mwaka, na dawa yake ilikuwa kipete kimoja cha mpira ndani ya koki, mafundi hukiita washa, ambacho mume wangu alikibadilisha kwa spana katika nusu saa.

Ukuta ndio uliotufundisha kusafiri.

Mwaka uliotangulia tulikuwa tumeukwangua, tukapaka rangi juu, ukapendeza. Baada ya miezi mitatu rangi ikaanza kufura kama malengelenge, na ukiyatoboa unga mweupe wa chumvi unamwagika. Mara hii nilibandika kipande cha nailoni ukutani, nikakizungushia gundi ya karatasi pande zote nne, nikakiacha siku mbili. Umande ulijikusanya upande wa ndani wa nailoni, ule unaogusa ukuta. Ungekuwa upande wa nje, tatizo lingekuwa mvuke wa chumbani na dawa ingekuwa kufungua madirisha. Yetu yalikuwa maji yanayopanda kutoka chini.

Nje ya ukuta ule kulikuwa na bustani yangu ya maua. Kila msimu nilikuwa naiongezea udongo, mpaka ukapita tabaka la kuzuia unyevu lililowekwa juu ya msingi. Maji yalikuwa yanalivuka tabaka hilo kupitia udongo wangu. Nilihamisha maua yote. Tukachimba hadi udongo ukawa sentimita 15 chini ya tabaka, tukaulaza mteremko uelekee mbali na nyumba. Ndani, plasta iliyolowa ikabomolewa hadi kimo cha mita moja hivi.

Fundi akatuambia, "Sasa subirini." Miezi miwili, au zaidi, mpaka tofali zikauke. Baada ya hapo plasta mpya, nayo inyunyiziwe maji asubuhi na jioni kwa wiki nzima ili saruji ikomae bila kupasuka, kisha isubiri wiki nne kabla ya rangi. Watoto walikuwa wanalala sebuleni, vumbi liko kila mahali, na mimi nilikuwa karibu kulia. Mume wangu ndiye aliyechukua daftari akaliweka mbele yangu. "Tunangojea nini nyumbani?" aliniuliza. "Ukuta utakauka hata tusipoutazama."

Sijui kwa nini hatukuliona mapema. Kazi nyingi za nyumba ni kusubiri: tofali zikauke, plasta ikomae, harufu ya rangi iishe. Siku hizo tulikuwa tunazikaa nyumbani tukinung'unikiana. Kuanzia hapo kila safari ndefu tuliiweka kwenye siku za kukauka, na tarehe alizitoa fundi. Nilimuuliza kila mara: "Fundi, baada ya hatua hii hatuhitajiki siku ngapi?"

Wiki ya kunyunyizia plasta ilipokwisha, tukafunga valvu, tukachomoa nyaya zote isipokuwa ya jokofu, ufunguo tukamwachia jirani ili awe anafungua madirisha ya chumba kile mchana, tukaenda baharini. Siku tano. Mtoto wa kati hutapika garini, kwa hiyo alikaa mbele kabisa, akatazama mbali barabarani badala ya kitabu, na alikula kidogo kabla ya kuondoka. Alifika mzima.

Tulifika siku za mwezi mpevu, maji ya bamvua. Asubuhi bahari ilikuwa imerudi nyuma sana, pwani imebaki wazi na vidimbwi vyenye kaa wadogo. Saa sita na dakika kadhaa baadaye ilikuwa imejaa pale pale tulipoacha viatu. Binti yangu aliandika saa za kujaa nyuma ya daftari letu, akagundua kwamba kila siku maji yanachelewa takriban dakika 50. Siku ya tatu alitupangia ratiba yote ya kuogelea kwa hesabu hiyo, na hakukosea.

Siku ya nne mdogo alijenga ukuta wa mchanga mkavu juu ya mchanga uliolowa. Nilikuwa nimekaa kando yake. Tulimwona anaacha kujenga, anainama, shavu lake karibu liguse mchanga. Chini ya ukuta wake mstari mweusi wa unyevu ulikuwa umeanza kupanda, polepole, bila mtu kumwaga tone. Ulipanda kama upana wa vidole vitatu. "Mama," akasema, "ukuta wetu." Baba yake akachuchumaa akamweleza kwamba katikati ya chembe za mchanga mna nafasi nyembamba sana, na maji hujivuta humo yenyewe, na tofali nalo lina nafasi kama hizo. Mtoto akachukua ganda tambarare la chaza, akalichomeka kwa ulalo katikati ya ukuta wake ili maji yasipite. Nikatazama baba yake, naye akanitazama. Mtoto alikuwa amejenga tabaka la kuzuia unyevu.

Tuliporudi plasta ilikuwa imepauka sawasawa, bila mabaka. Bado tulingoja hadi wiki nne zitimie. Nilijaribu tena nailoni, ikatoka kavu pande zote mbili. Msasa, tabaka la kwanza la rangi ya maji iliyochanganywa nyepesi ili inyonywe, kisha mbili nzito. Watoto walichagua kijani hafifu. Hadi leo, mvua kadhaa kubwa zimepita, na kila baada ya mvua mimi huenda kupitisha kiganja chini ya ukuta ule.

Safari ya mwisho ya mwaka ilikuwa kwa mama mkwe wangu, wakati sakafu ya baraza letu inakomaa. Ilikuwa safari ya usiku kucha, watoto walilala karibu njia nzima. Siku ya pili, tukiwa tumekaa sebuleni kwake, nilimwona binti yangu ameinua macho, anatazama pembeni ya taa. Kulikuwa na doa darini, la kahawia, lenye ukingo mweusi.

"Bibi," akasema, "hilo limeanza lini?"

"Mvua zilizopita, mjukuu wangu. Nimemwita mtu akapaka lami, lakini linarudi."

"Basi hapo sipo panapovuja."

Mama mkwe wangu akanitazama, nami nikamwomba ngazi. Ilikuwa inakaribia saa sita mchana. Baba yao alipanda kwanza, akampokea binti yake, akampokea na mdogo akamkalisha juu ya mbao nene. Nilibaki chini ya tundu, nikasikia sauti ya dada mtu ikiniagiza nizime taa na nifunike. Nikazima, nikafunika. Kukawa kimya kidogo, kisha juu ya kichwa changu mdogo akaanza kuhesabu.